Miaka mitatu ya stashahada ya maabara: nilicholipia na nilichopata

Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye mwanawe amefaulu kemia, baiolojia na fizikia kidato cha nne, na sasa kila akifungua simu anakutana na matangazo ya vyuo vya afya: vijana ndani ya makoti meupe, na nyuma yao mashine inayong'aa. Mwaka 2019 mtoto huyo nilikuwa mimi. Leo ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga. Chuo nilichosoma sitakitaja. Mabaya niliyoyaona pale nimeyasikia pia kwa wenzangu waliosoma mikoa mingine, na wapo walimu wa pale ninaowaombea dua mpaka leo. Ninachokihakiki ni kozi yenyewe, yaani stashahada ya sayansi ya maabara ya tiba katika chuo binafsi cha kawaida: unalipa nini, unapata nini, na utajuaje kabla hujalipa.

Nianze na pesa, maana baba yangu ni mkulima wa machungwa Muheza na kila shilingi niliiona ikitoka. Ada ilikuwa 1,400,000 kwa mwaka, kwa awamu nne. Hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye tangazo. Ambayo haikuandikwa ni mtihani wa wizara 150,000, bima ya afya 50,400, hosteli, makoti mawili, daftari la fildi (mafunzo ya vitendo hospitalini), na mchango wa fildi ambao kila mwaka ulikuja na kiasi kipya tukaambiwa wiki mbili kabla. Nilipojumlisha miaka mitatu pamoja na nauli na chakula, ilikaribia milioni nane. Awamu ya tatu ilikuwa inaangukia kabla machungwa hayajaiva, na mara mbili nilitolewa kwenye chumba cha mtihani wa majaribio mbele ya wenzangu kwa sababu ya laki mbili. Mzazi, omba orodha nzima ya malipo ya miaka yote mitatu, kwa maandishi, yenye mhuri. Chuo kinachosita kuitoa kimeshakujibu.

Kozi imepangwa vizuri, na hilo nalisema bila kusita. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4 ya NTA, yaani ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi, wa pili ni ya 5, wa tatu ni ya 6. Ukiishia mwaka wa pili kwa sababu yoyote ile, hutoki mikono mitupu, una astashahada na unaweza kufanya kazi kama msaidizi. Ukimaliza wa tatu unapata stashahada, unasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, ndipo unaruhusiwa kisheria kufanya kazi kama mteknolojia na kuweka jina lako chini ya jibu. Bila usajili huo cheti ni karatasi ya kutundika sebuleni. Ukitaka kuendelea, shahada ipo Muhimbili, ipo Bugando, ipo KCMC. Wenzangu wawili wako huko sasa hivi na wanasema msingi wa stashahada unawabeba.

Masomo yenyewe ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Jirani zetu walikuwa wakimwambia mama kwamba naenda kusomea "kupima malaria". Kuna vimelea, kuna bakteria, kuna damu na magonjwa yake, kuna benki ya damu, kuna kemia ya kliniki, kuna kinga ya mwili, kuna tishu, kuna ubora na usalama wa maabara. Mwaka wa kwanza nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya kemia na nikalia siku mbili. Aliyepata D ya kemia kwa kubahatisha ajue hapa hatabahatisha tena: utachanganya vimiminika kwa uwiano, utapiga hesabu za myeyusho kila wiki, na ukikosea nukta moja jibu la mgonjwa limekosewa mara kumi.

Sasa vifaa. Hapa ndipo pa kuangalia kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo chuo changu kiliniangusha.

Darasa letu lilikuwa na wanafunzi 62. Hadubini zilikuwa kumi na moja. Tatu taa zake hazikuwaka. Moja lenzi yake ya 100, ile inayokuza mara 100, ilikuwa imeota ukungu, kwa sababu ya unyevu wa huku pwani na kwa sababu watu walikuwa wanaiacha na mafuta bila kuifuta kwa karatasi yake. Zilizobaki saba ziligawanywa kwa makundi ya watu wanane au tisa. Kipindi cha praktiko kilikuwa saa mbili. Piga hesabu mwenyewe ujue mtu mmoja anainamia hadubini kwa dakika ngapi, ukitoa muda wa kupaka rangi slaidi na kusubiri zikauke. Mara nyingi mwenye bidii ndiye anayekaa, wengine wanachora kwenye daftari kile alichokiona yeye. Nimeona daftari la mwenzangu limechorwa vizuri kuliko la kwangu, na siku ya mtihani wa vitendo akashindwa kuzungusha kirungu cha kulengea.

Mashine ya kemia ya damu ilikuwepo, ndiyo ile ya kwenye tangazo. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha maua. Miaka mitatu sikuiona ikiwashwa hata mara moja, tuliambiwa vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, ni ghali. Tukajifunzia kwenye kolorimita ya zamani, kifaa kinachopima kwa ukali wa rangi, sukari ya damu na urea, mrija mmoja mmoja. Sijutii kolorimita. Ilinifundisha kwa nini rangi ikizidi ukolezi umezidi, jambo ambalo mashine kubwa hulificha ndani ya tumbo lake. Lakini kumwonyesha mzazi picha ya mashine usiyoiwasha ni kumdanganya, na neno laini kuliko hilo sinalo.

Tulikuwa na hadubini ya kumi na mbili ambayo haikuhesabiwa. Ilikuwa ya kioo, ya zamani sana, haina taa wala waya. Unaiweka dirishani, unageuza kioo mpaka mwanga wa jua upande juu kwenye slaidi. Mwalimu wetu wa vimelea, mzee aliyestaafu serikalini, alikuwa anaipenda kama mtu anavyopenda baiskeli yake ya ujana. Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika, makundi mengine yalikwenda kukaa chini ya mwembe. Mimi nilikwenda dirishani.

Ndipo siku moja nikainama, nikazungusha, nikaona.

"Umeona nini, binti?"

"Nimeona malaria, mwalimu."

"Malaria haionekani. Malaria ni ugonjwa, iko kwa mgonjwa kule kitandani. Wewe sema umeona nini."

"Pete, mwalimu."

"Pete ya rangi gani?"

"Duara jembamba la buluu. Lina kidoto chekundu."

"Kimoja?"

Nikarudi kuangalia. Ndani ya chembe moja nyekundu ya damu pete ilikuwa na vidoto viwili, kama hereni.

"Viwili, mwalimu."

"Haya. Na chembe iliyobeba imevimba?"

"Haijavimba. Iko sawa na jirani zake."

Hapo ndipo aliponiruhusu kutaja jina, *Plasmodium falciparum*. Kisha akanirudisha kwenye tone nene la damu lililokaushwa kwenye slaidi, nihesabu: vimelea vingapi kwa kila chembe nyeupe 200, zidisha kwa 8,000, gawanya kwa 200, upate idadi kwa kila mikrolita. Na kabla ya kuandika kwamba mtu hana vimelea, nipite viwanja 100 vya hadubini, uwanja ni eneo unaloliona kwa mara moja, si kumi, si ishirini. Mpaka leo foleni ikiwa ndefu mlangoni na mama wa watoto wananiangalia, nikifika uwanja wa arobaini bado sijaona kitu, namsikia mzee yule. Naendelea.

Kama ningekuwa natoa nyota, walimu ningewapa nne na nusu kati ya tano. Walikuwa wachache, wawili walikuwa wa kuja na kuondoka, lakini waliokuwa wa kudumu walikuwa watu waliofanya kazi wenyewe miaka mingi kabla ya kushika chaki. Mwalimu ambaye hajawahi kukaa zamu ya usiku maabara atakufundisha kitabu. Aliyekaa atakwambia kwamba tone nene likikaushwa kwa joto kali linajikaanga na rangi ya Giemsa haliishiki vizuri, na kwamba maji ya rangi yakiwa na tindikali vidoto vyekundu vinafifia hata kama vimelea vipo, ndiyo maana tunatumia maji yenye pH 7.2. Mambo hayo ndiyo yanayookoa jibu.

Fildi ilikuwa nusu ya thamani ya kozi, na kwangu labda zaidi ya nusu. Mwaka wa pili tulipelekwa kituo cha afya kimoja cha pwani, wanafunzi wanne. Wiki ya kwanza tulipima mkojo wa watoto wa shule kwa ajili ya kichocho. Msimamizi akatuuliza mkojo uchukuliwe saa ngapi. Tukasema asubuhi mapema, kama vipimo vingine. Akakataa. Akasema mayai ya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na watoto wakimbie kidogo uwanjani kwanza. Tukawakimbiza. Tukachuja mililita kumi kumi, na kwenye karatasi ya chujio nikaona yai la kwanza la maisha yangu, la duaradufu, lina mwiba mfupi mkiani. Lile la kichocho cha matumbo mwiba wake uko ubavuni. Kwenye kitabu nilikuwa navichanganya kila mara. Tangu siku ile sijavichanganya tena.

Wiki ya pili tukafuatana na timu ya wilaya kijijini kuchukua damu ya matende na mabusha. Nikauliza tunaondoka saa ngapi, nikaambiwa saa mbili usiku, tuanze kuchukua saa nne na tusipitishe saa nane usiku. Nikadhani nimesikia vibaya, maana ni saa zilezile za kichocho, za upande wa pili wa siku. Wadudu wachanga wa matende mchana hujificha kwenye mapafu, usiku ndipo wanapotoka kwenye damu ya pembeni, wakati mbu anapouma. Tukakaa kwenye benchi la shule na taa za chaji. Babu mmoja akanyoosha kidole akasema, "Mjukuu wangu, mmeniamsha ndoto nzuri, mnichome taratibu." Kesho yake kwenye slaidi yake nikamkuta mdudu, amejikunja kama uzi uliodondoka, amevaa ala yake, na kwenye ncha ya mkia hakuna viini. Hiyo ncha tupu ndiyo alama yake. Siku hizi kipo kipimo cha haraka cha antijeni, yaani alama za mdudu ndani ya damu, kinachopima saa yoyote ya mchana, na ni jambo jema kwa wazee wa watu. Lakini mimi namshukuru Mungu kwamba nilimwona.

Hayo chuo hakiwezi kuyajenga ndani ya kuta. Kwa hiyo swali la pili la mzazi, baada ya hadubini, liwe hili: fildi ni wiki ngapi, ni wapi, na wanafunzi wangapi wanapelekwa kituo kimoja? Sisi mwaka wa pili tulikuwa wanne, nikajifunza. Mwaka wa tatu tulipelekwa hospitali kubwa tukiwa ishirini na saba kutoka vyuo vitatu, na wiki mbili za mwanzo kazi yangu ilikuwa kubeba sampuli kutoka wodini na kuandika rejista.

Ni huko hospitali kubwa nilipofanya kosa ambalo nataka lisomwe na kila mwanafunzi.

Nilitumwa kumtoa damu mgonjwa mmoja, baba wa makamo. Damu ya tyubu mbili: zambarau kwa ajili ya kuhesabu chembe, nyekundu kwa ajili ya kemia. Darasani tulifundishwa mpangilio wa tyubu kwa chaki ubaoni, lakini darasa zima tulikuwa na tyubu mbili za kuonyeshwa, zikapita mkono kwa mkono zikiwa tupu. Nikajaza zambarau kwanza. Mshipa ukasimama, nyekundu ikapata damu ya kufunika kitako tu. Nikaona huruma kumchoma baba wa watu mara ya pili. Nikafungua zambarau, nikamimina kidogo kwenye nyekundu. Nilidhani damu ni damu.

Saa moja baadaye mashine ikatoa potasiamu 11.6. Ya kawaida haipiti 5 na ushee. Kalsiamu ikatoka 0.5, wakati ya kawaida ni 2 na ushee. Mwanafunzi mwenzangu akakimbilia simu kumwita daktari, maana potasiamu ya namna hiyo moyo unaweza kusimama. Mkuu wa maabara, mama mmoja mpole sana, akamwekea mkono begani, akasoma karatasi tena, kisha akauliza nani aliyetoa damu hii. Nikasema mimi.

"Ulimimina?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sauti haikutoka.

Akanikalisha. Akanieleza kwamba ile dawa ya zambarau inayozuia damu isigande ni chumvi ya potasiamu, na inazuia kwa kuikamata kalsiamu. Ukimimina kwenye nyekundu umemmiminia mgonjwa potasiamu isiyo yake na umemnyang'anya kalsiamu yake. Jibu lilikuwa linasema hayo waziwazi kwa anayejua kusoma. "Daktari angemtibu," akasema. "Angemshusha potasiamu ambayo haikuwa juu." Tukarudi wote wawili wodini. Nikamwamkia yule baba, nikamwomba radhi, nikamchoma tena, nyekundu kwanza na zambarau baadaye. Potasiamu ikatoka 4.3.

Simlaumu mwalimu aliyechora tyubu ubaoni, alichora sawasawa. Nalaumu kwamba nililipa ada ya miaka mitatu na sikuwahi kushika tyubu yenye dawa kabla ya kukutana na mkono wa mgonjwa. Boksi la tyubu mia halifiki ada ya mwanafunzi mmoja ya awamu moja.

Jambo jingine ambalo chuo kilipaswa kulibeba ni chanjo ya homa ya ini B. Ni sindano tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi sita, kwa hiyo ikisubiriwa mpaka wiki ya kwenda fildi imechelewa. Sisi hakuna aliyetuambia. Mwaka wa pili mwenzetu alijichoma na sindano iliyotumika, akapewa dawa za kuzuia VVU ndani ya saa chache, kama inavyotakiwa, maana baada ya saa 72 hazitolewi tena. Kwa homa ya ini alikuwa hana kinga yoyote. Alipimwa na kupimwa tena kwa miezi, na miezi yote hiyo alikuwa halali vizuri. Alhamdulillah alitoka salama. Mzazi, mchanje mwanao kabla hajapakia begi, usisubiri barua ya chuo.

Nisije nikaonekana nalalamika tu. Yapo mambo ambayo uhaba wenyewe ulitufundisha, na chuo chenye kila kitu kingeweza kuyaruka. Kwa kuwa hatukuwa na mashine ya kuhesabu damu, tulihesabu kwa macho. Unachanganya damu na maji ya Türk, yanayoondoa chembe nyekundu, sehemu moja kwa ishirini, unajaza chumba cha Neubauer, kioo chenye miraba ya kuhesabia, unahesabu chembe nyeupe kwenye miraba minne ya pembeni, unazidisha kwa 50. Tulifanya hivyo mpaka nikawa naota miraba. Wenzetu wa vyuo vingine walitucheka. Mwaka jana mama mjamzito aliletwa kwetu, mashine ikatoa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, 31,000, na wodini wakaanza kuandaa rufaa. Nikapaka slaidi, nikaenda mwisho wa utando ambako watu wengi hawaendi, nikakuta chembe sahani zimeshikana mafungu mafungu kama mbegu za papai. Mashine ilikuwa imeyapita mafungu hayo bila kuyahesabu. Tukachukua damu upya kwenye tyubu ya buluu, tukazidisha kwa 1.1 kufidia maji ya sitreti, dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye tyubu hiyo, ikatoka 178,000. Mama akajifungulia hapahapa.

Kuhusu ajira nitasema ninachokijua. Nilimaliza 2022, nikasubiri mwaka mmoja na miezi minne. Nafasi za serikali zikitangazwa hutangazwa kwa wingi, kisha kimya kinakuwa kirefu. Katikati nilifanya kazi maabara binafsi mjini kwa mshahara mdogo, na sijuti, maana pale ndipo nilipojifunza kuendesha kontroli, yaani sampuli ambayo jibu lake linajulikana, kila asubuhi na kuchora chati ya Levey-Jennings, inayoonyesha kama vipimo vinapotoka, bila kusimamiwa. Anayeingia kozi hii akidhani cheti kitamwita kazini mwezi uleule, ataumia. Anayeweza kuvumilia mwaka mmoja au miwili ya kujitolea na vibarua, ataipata nafasi. Katika darasa letu tuliohitimu, wengi ninaowasiliana nao wako kazini kwenye fani yenyewe, wachache wameingia kuuza dawa na vipimo, na mmoja ana duka la simu Korogwe na anaendelea vizuri.

Je, ningelipa tena? Kozi hii ningeilipa tena kesho. Chuo kile nisingekilipa, hata kwa ajili ya yule mzee wa vimelea, ambaye sasa ameacha kazi kabisa na hafundishi. Hadubini saba kwa watu 62 ni sawa na kuuza kozi ya udereva kwenye gari lisilo na usukani.

Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo kama hivi, ambalo nilipoingia liliitwa NACTE, uko wazi kwa kila mtu. Humo utaona kama chuo kimesajiliwa, kozi inachukua miaka mingapi, ada ni kiasi gani na wanafunzi wangapi wameruhusiwa kuchukuliwa. Chukua idadi hiyo ya wanafunzi, nenda nayo chuoni, igawanye kwa hadubini zinazowaka. Ikizidi wanafunzi watatu kwa hadubini moja, uliza zamu za praktiko zinapangwaje, na kama maabara inafunguliwa jioni na Jumamosi. Kuna vyuo vina hadubini chache lakini vinaacha mlango wazi mpaka saa mbili usiku, na mwanafunzi wa pale anaweza kumshinda wa kwetu mbali.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amemaliza kidato cha nne. Juzi alinipigia kwa furaha, "Dada, nimepata chuo, kina ghorofa nne na lifti." Nimemwambia asilipe hata fomu kwanza. Aende siku ya kawaida ya masomo, si siku ya maonyesho, aombe kuingia maabara. Achague hadubini ya mwisho kabisa kwenye mstari, aiwashe. Azungushe lenzi ya 100, aielekeze kwenye mwanga aone kama ina ukungu au mafuta ya jana. Kisha amuulize mwanafunzi atakayemkuta pale mara ya mwisho aliikalia hadubini peke yake saa nzima ilikuwa lini. Anakwenda Jumatatu.